Nafasi Kando ya Mlango

Jumatatu, 4 Machi

Kamati imenipa kazi ya ukuta. Si kwa kunipenda. Mtaani hapa hakuna mwingine anayeweza kupanda ngazi na ndoo ya rangi bila kutetemeka magoti. Mimi ni mchoraji wa mabango: kichwa cha kinyozi, jino la daktari wa meno, kuku wa muuza mayai anayefanana na bata. Sasa nimekuwa msanii, eti.

Ukuta wenyewe ni wa nyuma ya kiwanda cha nguo, ule unaotazama uchochoro wetu. Mwaka jana, mvua zikiwa zimekolea, kiwanda kilishika moto upande wa mbele. Waliokuwa chumba cha kukatia, huku nyuma, walikufa kwa moshi, wamejazana kwenye mlango wa chuma ambao haukufunguka. Mdogo wangu alikuwa mlinzi. Alikutwa hapo mlangoni pamoja nao, ufunguo mkononi. Walikufa ishirini, lakini watu wakihesabu huishia kumi na tisa.

Alhamisi, 7 Machi

Mkutano, darasani. Tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu.

Sura hazitachorwa. Kuna waliobaki na picha nzuri na kuna waliobaki na picha ya kitambulisho tu, ambayo hata mwenyewe angeikataa. Tumekubaliana hivi: kitambaa kimoja kirefu kitoke kwenye cherehani mwanzo wa ukuta, kipite juu ya mlango wa chuma, kiende mpaka mwisho, na juu ya kitambaa kila marehemu awe na kitu chake kimoja. Mstari wa kwanza wa kila kitu utachorwa na mtu wa familia, kwa mkono wake. Mimi nitamalizia. Hapo wote waliitikia kwa kichwa, na hata mimi niliona jambo hili lina maana.

Wakaanza kutaja. Utepe wa kupimia. Redio ndogo. Chupa ya chai. Mama Pacha, aliyekuwa kiongozi wa washonaji wa zamu ya mchana, alipoteza mabinti zake wawili waliozaliwa siku moja. Alisema, "Vifungo viwili vya koti moja."

Nikasema, "Na mdogo wangu, ufunguo."

Mama Pacha hakupandisha sauti. "Ufunguo ndio uliowaua wanangu. Ukichorwa huo, vyangu viondoe."

Mwanamume mmoja nyuma akasema, kama anayejisemea, "Kikulacho ki nguoni mwako." Wanasema mdogo wangu alikuwa amelala mle ndani siku ile, akazinduka moshi umeshamlevya, akaung'ang'ania ufunguo kama mlevi na chupa. Nikawauliza kama alikuwa amelala ndani, kiti chake na redio vilikutwaje getini, redio bado inaimba? Alikimbilia ndani kufungua. Tundu la ufunguo upande wa uchochoroni lilizibwa zamani kwa ajili ya wezi, kwa hiyo mlango ule hufunguliwa kwa ndani tu. Kila mtu anajua.

Mwenyekiti, ambaye zamani alikuwa karani wa stoo ya kiwanda, alikohoa. "Hilo tuliweke kando kwanza." Kando ndiko mdogo wangu aliko tangu mwaka jana.

Njiani wifi yangu, mjane wake, aliniambia, "Wifi, tochi ingetosha. Nani atagombana na tochi?"

Nilimkasirikia mpaka nikashindwa kula.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi mwashi amepiga plasta pale kando ya mlango, mahali walipobomoa ukuta kuwatoa watu. Amesema plasta hiyo iachwe mwezi mzima ikauke, la sivyo itatoa chumvi na rangi itabanduka. Mwenyekiti amesema kumbukumbu ya mwaka ni tarehe ishirini na saba mwezi ujao, na tukingoja mwezi mzima kazi haitaisha. Mwashi akainua mabega, akaosha mwiko wake, akaenda zake.

Alhamisi, 14 Machi

Cherehani kimekamilika. Kitambaa kimeanza.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Hakuna kazi.

Jumatano, 20 Machi

Mvua.

Jumatatu, 25 Machi

Familia zinakuja moja moja kuchora mstari wao wa kwanza. Nilidhani itakuwa dakika moja kwa kila mtu. Baba mmoja alishika brashi mbele ya ukuta mpaka rangi ikakaukia kwenye nywele za brashi, nikamchovyea tena, ikakauka tena. Mara ya tatu akachora mkunjo mmoja mdogo wa sikio la kikombe, akanirudishia brashi kwa mikono miwili kama anayerudisha mtoto wa watu.

Mama Pacha alikuja mchana. Vifungo vyake vimepangiwa pale pale kwenye plasta mbichi, karibu kabisa na mlango. Alichora duara la kwanza, la pili akashindwa. Nilitaka kumshika mkono, nikakumbuka aliyosema darasani, nikauacha mkono wangu mfukoni. Akamaliza mwenyewe. Duara la pili limepinda. Nimeliacha hivyo hivyo.

Alipoondoka nikachora ufunguo. Mdogo, kiasi cha kiganja, kando ya mlango upande wa pili, kwenye ukuta wa zamani uliokauka. Sikumwita wifi aanze. Nimeanza mwenyewe. Mimi pia ni familia.

Jumanne, 26 Machi

Ufunguo umefutika. Mvua ilinyesha usiku, labda ni mvua.

Nimeuchora tena.

Jumatano, 27 Machi

Umefutika. Chupa ya chai, iliyo mkono mmoja kutoka hapo, haijaguswa na tone. Mvua gani hii inayochagua?

Nimeuchora tena.

Jumanne, 2 Aprili

Umefutika kwa mara nyingine. Safari hii mfutaji ameacha alama za vidole, vinne, vinavyoteremka. Nimeviangalia sana. Vidole vya mwanamke.

Mwenyekiti amepita, akaona, akajifanya hajaona. Akaniambia kitambaa kinapendeza, ila ningeongeza nyekundu kidogo ili wageni wakija wachangamke. Nikamwuliza wageni wanakuja kwenye harusi?

Alhamisi, 4 Aprili

Watoto wa mdogo wangu wamehamishiwa dawati la nyuma shuleni. Hakuna mtoto anayetaka kukaa na mtoto wa mlinzi. Wifi amenieleza huku akichambua mchele, bila kuinua kichwa. Tangu mwaka jana, akifika bombani wenzake husogeza ndoo zao, wakampa nafasi kubwa kuliko anayohitaji. Hakuna anayemtukana. Hata salamu hawampi.

"Na wewe bado unataka tochi?" nikamwuliza.

"Wifi, mimi nataka watoto wangu wakae mbele. Wewe unataka kushinda."

Limenichoma kwa sababu lina ukweli ndani yake.

Jumatatu, 8 Aprili

Plasta imetoa chumvi kama mwashi alivyosema. Vifungo vya Mama Pacha vimevimba malengelenge. Nimepangusa, nimepaka upya juu ya mistari yake. Baadaye mvua mpaka jioni.

Ufunguo: nimechora. Sijui ni mara ya ngapi.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimeamka kabla hapajapambazuka vizuri nikaenda kukaa kwenye kibaraza cha kinyozi, chini ya kichwa nilichokichora mwenyewe, nikasubiri. Kulikuwa na manyunyu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu, makali, tena kwa mpangilio.

Mama Pacha akaja, kanga kichwani, ndoo mkononi. Hakwenda kwenye ufunguo. Alikwenda kwanza kwenye vifungo, akaviwekea kiganja, kimoja, kisha cha pili. Halafu akasogea kwenye mlango wa chuma. Akaweka kiganja pale, kisha paji la uso. Akakaa hivyo, maji yakimtiririka shingoni. Alikaa muda mrefu kuliko alivyokaa kwenye vifungo.

Ndipo akachovya kitambaa kwenye ndoo, akaufuta ufunguo taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi.

Nikabaki kibarazani mpaka akaondoka. Kwa vifungo ninaelewa. Lakini mlango? Nani hubembeleza mlango uliomuulia watoto?

Jumapili, 14 Aprili

Nimekwenda kwa mpiga pasi. Yeye alikuwa zamu ya usiku siku ile, lakini kwa bahati alikuwa amekwenda upande wa mbele kuchukua makaa, akatokea getini na kikohozi ambacho hakijaisha mpaka leo. Amekaa mwaka mzima bila kuzungumza na mtu habari za kiwanda. Sikuzungusha maneno. Nikamwuliza, "Mama Pacha na ule mlango wana nini?"

Akakohoa mpaka nikajuta. Akanywa maji. Akaniambia, "Dada, sisi sote tuna kitu na ule mlango."

Naandika kama alivyonieleza, nisije nikaongeza chumvi. Ukuta ule una chumvi ya kutosha.

Miezi kadhaa kabla ya moto, mikoba ya wafanyakazi ilikuwa inaibwa chumba cha kukatia. Wezi walionekana kuingilia mlango wa nyuma. Watu wakasema mlinzi ndiye anayewafungulia. Hakukuwa na ushahidi, lakini maneno yakazagaa. Wafanyakazi wakakutana, zamu zote mbili, wakakubaliana kwa kunyoosha mikono: mlango ule uwekewe kufuli la pili, kwa ndani, ambalo mlinzi hana ufunguo wake. Karani wa stoo ndiye aliyekwenda kulinunua. Ufunguo wa kufuli ukawa unapokezanwa wakati wa kubadilisha zamu, kutoka kwa kiongozi wa mchana kwenda kwa kiongozi wa usiku, mkono kwa mkono.

Kiongozi wa mchana alikuwa Mama Pacha. Wa usiku alikuwa binti yake, pacha yule aliyetangulia kuzaliwa.

"Siku ile," nikasema.

"Siku ile mama aliondoka mapema. Hakuna aliyemwona akitoa ufunguo."

"Na nyinyi mlijua?"

"Kufuli tulilijua sote. Mikono tulinyoosha sote. Nani angesema? Angeanzia kwa nani?" Akafuta macho kwa ncha ya gauni. "Mdogo wako alikuwa amekufa, Dada. Mfu hakasiriki."

Nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua. Niliwachukia wote, mmoja mmoja, kwa sura zao. Huwezi kuamini jinsi chuki inavyopasha mwili joto.

Jumatatu, 15 Aprili

Sijachora chochote.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Pacha. Nilijiambia nakwenda kumvua nguo mbele ya mtaa mzima, ila nianze faraghani ili nisikie atakavyodanganya.

Hakudanganya. Alinikaribisha, akaniwekea kigoda. Chumba ni kimoja. Vitanda viwili bado vimetandikwa, mashuka yamepigwa pasi. Yeye hulala kwenye mkeka.

"Umeniona ile alfajiri," akasema kabla yangu. "Harufu ya rangi yako haijifichi, Fundi."

"Nimeambiwa habari za kufuli."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Wingu lilikuwa limetanda. Nilikuwa nimeanika nguo asubuhi. Nikasema nikimbie, nizianue, nitamtuma mtoto wa jirani apeleke ufunguo. Nikafika, nikaanua, nikaanza kukunja. Mvua ikashuka. Nikasahau." Akatazama vitanda. "Nguo zenyewe zilikuwa zao."

Niliyoyaandaa sikuyasema. Nilisema tu, "Umemwachia mdogo wangu mzigo wako."

"Ndiyo."

"Watoto wake hawana pa kukaa shuleni."

"Najua. Nawaona wakipita."

"Ufunguo wangu unaufuta kwa nini?"

"Kwa sababu nikiuona nasikia wanagonga."

Akainuka, akainua pembe ya godoro la kitanda kimoja, akatoa ufunguo mdogo wa shaba. Sikuugusa. Akaniuliza kama nitamwambia Mwenyekiti. Nikamwambia Mwenyekiti ndiye aliyenunua kufuli, anajua zaidi yangu. Akacheka kidogo, kicheko kikavu, mara moja tu.

"Niachie siku ya uzinduzi," akasema. "Nitasema mwenyewe. Wewe ukisema, itakuwa dada anamtetea ndugu yake."

Sijamwahidi. Nimetoka bila kuaga, jambo ambalo mama yangu angenipiga kofi kwa ajili yake. Na mpaka naandika sasa sijui kama namwamini. Mtu aliyenyamaza mwaka mzima anaweza kunyamaza siku moja zaidi.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Nimechora mkunjo wa mwisho wa kitambaa katikati ya manyunyu mawili. Mlango wa chuma nao umefunikwa kwa rangi mpaka kwenye fremu. Ukiwa mbali huwezi kujua kuna mlango.

Alhamisi, 25 Aprili

Nafasi kando ya mlango bado ni tupu. Mwenyekiti amesema ni vizuri, inapumzisha macho.

Jumamosi, 27 Aprili

Uzinduzi.

Hakukunyesha. Viti vya kukodi, vipaza sauti vinavyopiga mluzi, shuka kubwa limefunika ukuta. Wifi alisimama nyuma kabisa na watoto, karibu na mtaro, tayari kuondoka. Nilisimama naye.

Mwenyekiti akahutubia. Akasema ukuta huu ni alama ya umoja wetu, kwamba sisi ni nyuzi za kitambaa kimoja. Akasoma majina kumi na tisa. Akamwita Mama Pacha, kama mama aliyefiwa zaidi ya wote, aje avute shuka.

Akavuta. Shuka likaanguka. Watu wakashusha pumzi kwa pamoja. Nakiri kwamba hata mimi, niliyekichora kitambaa kile, sikuwahi kukiona kikiwa kizima bila ngazi mbele yake. Kisha Mwenyekiti akampa kipaza sauti. Akakishika. Akafungua mdomo, akaufunga. Akakirudisha, akashuka, akapita pembeni ya watu akiwa ameinamisha kichwa, akapotea kwenye kona ya kiwanda.

"Tumwachie mama nafasi alie," akasema Mwenyekiti.

Nikamwambia wifi, "Si unaona? Nilijua." Nikahisi chuki yote inarudi, moto moto. Nikaanza kusogea mbele niseme mimi.

Ndipo tukasikia kitu nyuma ya ukuta. Mabati yakisukumwa, hatua juu ya vigae vilivyovunjika. Halafu kimya. Halafu chuma kikikwaruza chuma, polepole, kama mtu anayejaribu, anaacha, anajaribu tena. Baadaye niliona kichupa cha mafuta ya cherehani mkononi mwake na nikaelewa. Kufuli lilikuwa limepata kutu ya mwaka mzima.

Ukasikika mlio mmoja mdogo.

Na katikati ya kitambaa, mbele ya mtaa wote, rangi ikapasuka. Ufa ulioanzia juu ukateremka, ukakata kona, ukateremka tena. Mlango wa chuma ukafunguka kuja kwetu, umebeba kipande chake cha kitambaa.

Ulifunguka kwa kusukumwa na mkono wa mwanamke mmoja. Hakuna aliyegusa kitasa kikubwa, kile cha ufunguo wa mlinzi. Hakikuhitaji kuguswa. Mdogo wangu alikuwa ameshakifungua.

Nilikaa chini, pale pale kwenye tope. Mwaka mzima nilisema alikwenda kufungua. Sikuwahi kufikiri kwamba alifungua.

Mama Pacha alisimama mlangoni, kufuli mkono mmoja, ufunguo mdogo mkono mwingine. Hakuhitaji kipaza sauti. "Hili lilikuwa letu," akasema. "Na ufunguo ulikuwa kwangu. Yeye wake aliuzungusha."

Hakuna aliyelia. Wanaume walitazama viatu vyao. Mpiga pasi alikuwa akikohoa. Mwenyekiti akatazama karatasi yake, akageuza upande wa pili, akasema, "Tuendelee na ratiba."

Jumapili, 28 Aprili

Wifi amechora mstari wa kwanza wa ufunguo. Watoto wamesimama kila upande. Watu walipita uchochoroni wakasalimia, wengine mara mbili.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua zimerudi na hasira.

Sasa ni Mama Pacha ambaye wangemsogezea ndoo, kama angefika bombani. Tangu siku ile hatoki. Mtu amemtupia mawe juu ya bati, na mwingine amemwaga uchafu mlangoni pake. Wale wale walionyoosha mikono. Wanamsalimia wifi yangu kwa bashasha, wanamwuliza hali za watoto, na sauti hizo hizo zinamwita yule muuaji. Nilidhani ningefurahi. Nimejichunguza vizuri, furaha hiyo haipo.

Leo Mwenyekiti amekuja na wajumbe wawili. Wanataka vifungo vifutwe. Wanasema haifai, watu wanaumia.

Nikamwuliza, "Kufuli lilinunuliwa duka gani?"

Akakohoa.

"Nauliza tu. Wewe ulikuwa stoo. Labda lina dhamana."

Wajumbe wakamtazama. Akasema mvua inakaribia, wakaondoka.

Lakini vifungo vimebanduka vyenyewe. Ile plasta haijasamehe. Vimemeguka vyote viwili mpaka hakuna mstari wake uliobaki, hata ule uliopinda. Na sheria yetu ni ile ile: mstari wa kwanza huchorwa na mtu wa familia. Familia nzima ya vifungo vile ni mtu mmoja aliyejifungia ndani.

Nilimwambia wifi kwamba sijui nifanyeje. Alikuwa akichambua mchele. Akaiweka sinia chini, akajifunga kanga, akasema, "Chukua brashi. Mimi nitashika rangi."

Tulikwenda kwenye mvua. Watu walituona kutoka madirishani. Kizingiti chake kilikuwa bado na uchafu. Wifi aliufagia kwa ufagio wa jirani bila kuomba. Nikapiga hodi. Nikapiga tena.

"Nani?" sauti ikauliza ndani, ndogo.

Nilifungua mdomo, wifi akanitangulia. "Ni mimi," akasema. "Mke wa mlinzi. Tumekuja kukuchukua."

Tulisubiri, maji yakituingia shingoni, yeye ameukumbatia mkebe wa rangi usiingie mvua. Kisha tukasikia komeo likivutwa.